Nani Alikuambia?

Jumapili, 24 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kanisani tulikuwa wachache na mahubiri yalishindana na kelele za bati. Mama ameimba nyimbo zote bila kitabu, ubeti kwa ubeti. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia, "Wako, Mama." Akasema, "Ndaga fijo," asante sana ya kwetu, kama mtu aliyepishwa kiti.

Jumanne, 26 Machi

Mfereji wa paa la Hamza umemwaga maji tena mlangoni pa saluni yangu. Wateja wanaingia kwa kuruka kama vyura. Hamza anauza vitenge na vyombo vya plastiki, duka lake na saluni yangu ni ukuta mmoja. Babu yake ndiye aliyetoka Kilwa. Yeye amezaliwa hapa hapa Kyela, lakini akitaka kunikwepa anageuka mtu wa pwani. "Inshallah, dada Kisa, kesho." Hiyo kesho yake haijawahi kufika.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Kaka Ambwene amekuja na familia kutoka Mbeya, ambako ana duka la vipuri vya magari. Amemletea Mama gauni la bluu. Amelivaa siku nzima, tumempiga picha nyingi. Dickson, mtoto wa marehemu baba mdogo, amembeba Mama kwenye pikipiki yake hadi kanisani na kumrudisha, akakataa hata soda. Ambwene ni wa kutoa vitu. Dickson ni wa kutoa muda. Katika ukoo mzima huyo ndiye ninayemtegemea.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Mama anakaa nami saluni, ananipokeza rola moja moja. Anawaambia wateja kuna arusi inakuja. Wanampongeza.

Jumamosi, 6 Aprili

Mama amepotea.

Ilikuwa asubuhi, saluni imejaa. Mama alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, na gauni lake la bluu, na mwavuli mapajani. Nilikwenda nyuma kumsuuza mteja nywele. Niliporudi benchi lilikuwa tupu. Nilidhani yuko chooni. Nikadhani yuko kwa Hamza anashika vitenge, ana kawaida hiyo. Hamza alisema hajamwona. Nikatoka na taulo begani, mvua inanyesha kama imelipwa, nikaanza kuuliza.

Sokoni hakuna. Stendi hakuna. Kanisani mlango umefungwa. Hospitali hakuna aliyepokewa kwa jina lake. Polisi walinisikiliza vizuri, wakaandika maelezo yake yote, wakasema watawaarifu wenzao. Nikapiga simu nyumbani Talatala, labda amerudi kwa miguu. Wapi.

Nilipogeuka nikamwona Hamza nyuma yangu, kalowa hadi kanzu imemganda mwilini. Alikuwa amefunga duka siku ya Jumamosi, na mfungo mdomoni, anauliza mlango kwa mlango upande wa pili wa barabara. Sikumwomba.

Dickson nilimpigia simu. Akasema, "Nipo Ipinda, dada, nitaangalia huku." Nikashukuru.

Mvua haijakatika. Ana kandambili tu miguuni.

Jumatatu, 8 Aprili

Ambwene amefika. Hakukaa hata chini. "Kisa, watu hawatafuti bure," akasema. Akachukua picha ya Pasaka, akaandika chini yake kwa herufi kubwa: ATAKAYEMPATA MAMA YETU NA KUMLETA, ATAPEWA NG'OMBE DUME, MZIMA, WA KWAKE PEKE YAKE. Akaweka na picha ya ng'ombe mwenyewe, yule mwekundu tunayemfuga Talatala, shingo kama mgomba.

Ameituma kwenye kundi la kwaya, la wazazi wa shule, la bodaboda, la wafanyabiashara wa soko, la wakulima wa kokoa wa Makwale, kila kundi lenye mtu anayemjua. Mji mzima unazungumza juu ya ng'ombe. Nimepata nguvu.

Jumatano, 10 Aprili. Idi

Hamza ameniletea sahani ya pilau. Hakuna habari.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Hakuna.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Hakuna.

Jumapili, 14 Aprili

Kuna jambo silielewi. Watu wamejaa barabarani wakimtafuta Mama, nawaona. Vijana wa bodaboda wanakwenda hadi Njisi, hadi mpakani, wanarudi na matope hadi magotini. Wanaingia saluni kuniuliza: ana kovu? Anapenda kula nini? Ana ndugu wapi? Ninajibu yote. Mimi nikiwauliza mmefika wapi, mmesikia nini, wanatazama pembeni. "Bado tunaangalia, dada."

Baada ya ibada, mwenzangu wa kwaya alinivuta nyuma ya kanisa. Akasema mumewe alisikia mama mmoja wa gauni la bluu alionekana Ipinda siku ile ile ya kwanza. Nikamshika mikono. "Mbona hamkuniambia?"

Akaanza kulia. "Amenikataza. Anasema tukisema, atakwenda mwingine achukue ng'ombe. Anamtafuta mwenyewe kila siku, Kisa. Kila siku anarudi mikono mitupu."

Nimepiga simu Ipinda, hakuna anayejua alikoelekea. Wiki nzima. Mji wote unamtafuta, na kila mtu anamficha mwenzake alipoishia.

Jumanne, 16 Aprili

Saa ya chakula cha mchana ilipigwa simu: mwili wa mwanamke mzee umeonekana kwenye matete, pale mto Kiwira unapoingia ziwani.

Dickson ndiye aliyenipeleka. Njiani hakusema neno, nami sikutaka neno. Mashamba ya mpunga yote ni maji, masuke yamelala juu yake kama nywele zilizochanwa upande mmoja. Tulifika mahali pikipiki haipiti, tukatembea. Nilikuwa naomba nisifike. Nilikuwa naomba pia nifike, mambo yote yaishe, nimzike, nilale.

Walikuwa wamemfunika kwa turubai. Mzee mmoja wa kijiji akanishika kiwiko, akafunua upande wa miguu kwanza. Ilikuwa miguu ya mwanamke mwingine. Nikapiga magoti kwenye tope nikamshukuru Kyala, Mungu wetu, kisha nikaona vibaya kushukuru mbele ya mama wa watu, nikalia kwa ajili yake. Baadaye ndugu zake walikuja kutoka ng'ambo ya mto, nasi tukasaidia kubeba.

Wakati wa kurudi Dickson alisimamisha pikipiki katikati ya njia. "Dada Kisa," akasema. Nikangoja. Akasema, "Shika vizuri, kuna utelezi."

Jumatano, 17 Aprili

Leo Hamza amepanda ngazi mwenyewe na kuhamisha ule mfereji. Maji sasa yanamwagika upande wa kwake. Alipomaliza akaingia saluni na chupa ya chai ya tangawizi, akakaa kwenye kiti cha kukaushia nywele, kofia ya mashine juu ya kichwa chake. Siku nyingine ningecheka.

"Dada Kisa, nikuulize. Nikikwambia nimemwona Mama mahali, napata nini?"

"Ng'ombe, ukimleta."

"Nisipomleta? Nikikwambia tu?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi sikwambii. Na jirani yangu simwambii, maana nikimwambia nimemgawia ng'ombe wangu. Na shangazi yangu asiye na simu huko ziwani hata tangazo lenyewe simsomei, asije akamwona Mama kabla yangu. Ambwene ametangazia watu maelfu, na tangazo linafika kwa kila mmoja, linafia hapo hapo."

Nikamweleza habari ya mume wa mwanakwaya. Hakushangaa.

"Mimi nikitafuta mzigo Tunduma nampigia dalali. Mzigo hana. Anamjua mtu, ambaye anamjua mtu. Ukipatikana, kila aliyeunganisha anapata chake, aliye karibu na mzigo kingi, aliye mbali kidogo. Kwa hiyo dalali hanifichi, na mwenzake hamfichi, kila mmoja anakimbia kumwambia wa mbele yake. Nikimruka mmoja safari hii, safari ijayo simu yake haipatikani."

"Mama si mzigo wa vitenge, Hamza."

"Hasha. Ndiyo maana nimechelewa kusema. Niliogopa utaona nafanya biashara na mama yako."

Nilikunywa chai yake yote. Kumbe miaka yote hii nimeishi ukuta mmoja na mtu, ninachokijua kwake ni mfereji.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimegombana na Ambwene kwenye simu. "Ng'ombe wangu niwagawie wambea?" alisema.

"Ndiyo. Wambea ndio wanaojua."

"Ng'ombe hagawanyiki, Kisa."

"Akichinjwa anagawanyika."

Alikata simu. Baadaye akapiga tena, sauti yake ndogo. "Huyo dume nilimweka kwa ajili ya sherehe ya Mama akifikisha miaka sabini," akasema. Kisha akasema, "Gawa."

Ijumaa, 19 Aprili

Tangazo jipya. Tumeliandika mimi na Hamza, nalinakili hapa maana nalipenda:

"Mama yetu bado hajaonekana. Ng'ombe wetu sasa ni wa wengi. Atakayemwona na kutujulisha, paja zima la nyuma. Aliyemwambia huyo habari hizi, mkono wa mbele. Aliyemwambia huyo, mbavu za upande mmoja. Aliyemwambia huyo, shingo. Na nyuma yao wote wapo, vipande vinapungua lakini havikosekani. Si lazima umlete. Si lazima uwe na simu. Mwambie mwenzako, mwambie asiye na simu, na umkumbushe akumbuke jina lako. Siku ya kugawa tutamuuliza kila mtu swali moja tu: nani alikuambia?"

Tulilituma saa nne asubuhi. Saa sita mwanamke wa ndizi, ambaye hana simu, alinieleza tangazo langu mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akaniambia, "Na mimi naitwa mama Atupele, usisahau."

Jumapili, 21 Aprili

Simu haipumui. Mama ameonekana Tukuyu, Mama ameonekana Karonga, Mama anauza maandazi Uyole. Wengi wanakosea kwa nia njema. Nawaomba picha. Picha zinakuja za bibi za watu, wamekasirika kupigwa picha. Bado sina Mama, lakini nimepata kitu ambacho sikuwa nacho: watu wanasema.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo nimecheka kwa mara ya kwanza tangu apotee.

Amekuja mtu anaitwa Wilson, koti safi, viatu safi, jambo la kushangaza katika msimu huu. Anasema amemwona Mama Tukuyu kwa macho yake. Nani alimwambia habari? Bwana Aliko. Na Aliko aliambiwa na nani? Na bwana Ezekiel. Wote wawili wana udhuru, wamemtuma yeye apokee kwa niaba yao paja, mkono na mbavu, na ikiwezekana apewe kabisa leo, kwa sababu nyama inaharibika.

"Ng'ombe bado yuko hai," nikamwambia.

Hamza alikuwa mlangoni. "Tuwapigie tuwashukuru," akasema kwa adabu kubwa. "Namba zao unazo?" Wilson akazitaja, hakuona mtego. Hamza akapiga ya Aliko. Koti la Wilson likalia. Akapiga ya Ezekiel. Koti likalia tena, upande wa pili, mlio wa kwaya.

Doreen, mteja wangu, alikuwa amesukwa nusu kichwa. Akageuka kwenye kiti: "Baba, mfukoni mwako mna ukoo mzima!"

Aliondoka na viatu vyake safi. Tumeongeza sharti: nyumba moja fungu moja, hata muwe na simu kumi, na kila mtu aje na uso wake. Hamza anasema hilo alipaswa kulifikiria tangu mwanzo, Tunduma wamejaa madalali wanaoishi mfukoni.

Jumatano, 24 Aprili

Asubuhi, kabla sijafungua, Dickson alikuwa amekaa kwenye ngazi ya saluni. Pikipiki yake hakuja nayo.

"Nilimbeba mimi," akasema.

Sikuelewa.

"Mama. Siku ile. Alinisimamisha barabarani, akaniambia nimpeleke Ipinda, umemtuma. Nikampeleka. Nikamshusha stendi nikapata abiria mwingine. Uliponipigia nikajua, nikarudi stendi, hayupo. Niliona aibu, dada. Nikasema nitamtafuta nimlete kabla hujajua. Halafu kaka akatangaza ng'ombe."

"Ukafanya nini?"

"Nikafikiri, mimi ndiye ninayejua aliposhuka. Nikimpata, aibu imekwisha na ng'ombe ni wangu. Kila siku nikawa naona nimekaribia. Hata siku ile ya mtoni nilitaka kusema. Nikaona nimeshachelewa mno."

Nilikuwa na chupa ya shampuu mkononi. Niliitupa, ikampiga kifuani, hakukwepa. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Nilimwambia nimeshika miguu ya maiti ya mtu kwa ajili yake. Alikaa pale akapokea yote.

Nilipoishiwa nikauliza, "Kwa nini leo?"

"Kwa sababu sasa kusema kuna nafasi. Hata mimi."

Nimelifikiria neno hilo mchana kutwa. Ni sisi tulioweka ng'ombe juu ya ukimya wake. Hasira haijanitoka, lakini imegawanyika, kipande kimoja kinarudi kwetu.

Kabla hajaondoka nilimwuliza Mama alisema nini njiani. Akasema, "Aliimba. Na alisema anakwenda kuchukua vyungu vya arusi."

Vyungu! Kila Jumamosi Wakisi wanaleta vyungu vyao kwenye mnada wa Lyulilo, pale karibu na Matema. Alipotea Jumamosi.

Alhamisi, 25 Aprili

Mto Mbaka umevunja kingo, magari ya Matema hayapiti. Nimemwambia Hamza habari ya vyungu. Akampigia hapo hapo Tausi, binti ya mjomba wake, anayenunua dagaa wa usipa Matema. Nilimsikia akimwambia: gauni la bluu, mnada wa vyungu, mwambie kila mtu wa mitumbwi, na umwambie akumbuke jina lako.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua. Ziwa limechafuka, Tausi anasema mitumbwi haitoki.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua. Mitumbwi haitoki. Lakini anasema kila mtu ufukweni anajua, hata watoto wanaoosha sufuria.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua.

Jumatano, 1 Mei

Picha!

Imefika kutoka kwa Tausi saa tisa alasiri, nikiwa na rangi ya nywele mikononi. Mama, gauni la bluu limepauka, amekaa chini mbele ya nyumba ya udongo, katikati ya vyungu. Anamtazama mpiga picha kama anayemdai nauli.

Nimepiga kelele hadi Hamza akaja mbio na fimbo akidhani nimevamiwa. Doreen amekumbatia watu asiowajua. Nimempigia Ambwene, hatukuweza kusema, tulisikilizana tu tukilia, mwanaume mzima na duka lake.

Jumamosi, 4 Mei

Nimerudi na Mama. Amelala chumba cha pili, namsikia akikoroma. Niandike polepole, nisiache kitu.

Maji yalipungua jana. Tulikwenda na Ambwene na Hamza hadi Matema. Tausi alikuwa anatusubiri ufukweni, mwanamke mnene, mcheshi, harufu ya usipa. Baada ya salamu akanitazama usoni.

"Nikwambie ukweli wangu, dada. Lile tangazo la kwanza lilinifikia. Nililisoma, nikalifunga na simu yangu. Nikasema, kama huyo bibi yuko huku nitamwona mwenyewe. Niliangalia ufukwe huu tu, sikumwambia mtu. La pili lilipokuja, na Hamza akanipigia, nilimwambia kila mwenye kasia."

Simu ile ile. Mtu yule yule. Ambwene alikuwa amesimama pembeni, nikamwona akiinamisha kichwa.

Mwenye kasia aliyepata habari ni Nsajigwa, anayesafirisha samaki kwa mtumbwi wa mashine. Ziwa lilipotulia alikwenda Ikombe, kijiji cha Wakisi kilicho chini ya milima, njia yake ni maji tu. Pale akamwambia mwanamke mmoja mfinyanzi, asiye na simu, mama Lusungu. Mama Lusungu akasema, "Basi huyo ni mgeni wetu." Ndipo Nsajigwa alipopiga ile picha.

Nsajigwa ndiye aliyetupeleka. Milima ya Livingstone ilikuwa imefunikwa na mawingu hadi kiunoni, na maporomoko meupe yanashuka kila upande. Tulipokaribia nikamwona. Alikuwa amekaa na wanawake wanne, udongo hadi viwiko, anapapasa tumbo la chungu kwa kipande cha kibuyu kama aliyezaliwa na kazi hiyo.

Niliruka majini kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Akainua uso.

"Umechelewa," akasema. "Vyungu viko tayari."

Mama Lusungu alitueleza huku akicheka na kufuta macho. "Alipanda nasi mtumbwini siku ya mnada. Mimi nikadhani ni mgeni wa nyumba ya pili. Nyumba ya pili wakadhani ni wangu. Tulipogundua ziwa likawa limeshachafuka, tukasema ale kwanza. Halafu akaanza kufinyanga, tukaona huyu tusimharakishe."

Hawakuwa wameomba chochote. Kwa siku zote hizo walimpa kitanda, yeye akawapa nyimbo. Tulipoondoka walimwimbia wimbo wa kanisani, Mama akasahihisha ubeti wa pili.

Alhamisi, 9 Mei

Ambwene hataki Dickson aje kwenye ugawaji. Tumebishana hadi chai ikapoa.

"Alituficha, Kisa!"

"Na akasema. Bila neno la vyungu, Tausi angeanzia wapi? Tumetangaza kwamba kila aliyesema ana fungu. Tukimnyima aliyechelewa kusema, mwingine akichelewa hatasema kabisa. Atasubiri hadi afe nalo."

"Kwa hiyo tunamlipa?"

"Tunatimiza neno letu. Kumsamehe ni jambo lingine, hilo kila mtu na moyo wake."

Jumamosi, 11 Mei

Siku yetu!

Anga ilikuwa safi tangu asubuhi. Hamza alileta mchinjaji wa Kiislamu ili watu wote wale bila kuuliza. Talatala nzima imekuja, na Ipinda, na watu wa Makwale na kokoa zao, na mtumbwi mzima wa Wakisi, waliokuja kwa gari la kukodi kutoka Matema. Ngoma, kwaya, vigelegele, moshi.

Ambwene alisimama kwenye benchi, panga la bucha mkononi. "Mama Lusungu!" Akatoka mbele. Paja lile lilimzidi, wakalibeba wanaume wawili. "Nani alikuambia?"

"Nsajigwa!"

Umati ukapokea, ukaita jina. Nsajigwa akaja kuchukua mkono wa mbele. "Nani alikuambia?"

"Tausi!"

Mbavu. "Nani alikuambia?"

"Hamza, mtoto wa shangazi yangu!"

Shingo. Hamza alipokea kwa mikono miwili, kanzu yake nyeupe ikapata damu, hakujali. "Nani alikuambia?"

"Dada Kisa, jirani yangu."

Mimi sina fungu, ni mwenye ng'ombe. Lakini Ambwene alinigeukia na swali. "Nani alikuambia?"

"Dickson," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Alikuwa mwisho kabisa wa watu, karibu na mgomba. Alikuja amejikunja. Ambwene alimtazama kitambo, nami nikaogopa. Kisha akainama, akachagua, akamkabidhi ulimi wa ng'ombe, wote.

"Huu ni wa kusemea," akasema. "Utumie mapema."

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko, na Dickson mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka, na Ambwene akamshika kichwa akakikandamiza kifuani kwake. Mume wa yule mwanakwaya alikuwepo, alicheka kidogo.

Vilivyobaki viliingia vyunguni, watu wote wakala. Mama alikaa katikati na gauni jipya, mke wa Ambwene alilileta. Alikula, akacheza, akaniuliza arusi ni ya nani. Nikamwambia ni ya kwake. Akasema basi bwana arusi amepata bahati.

Jumapili, 19 Mei

Mvua imekata. Mpunga uliosalimika umeanza kuwa dhahabu. Mama sasa anavaa kibati shingoni chenye namba yangu, Hamza amekichonga.

Jumapili, 2 Juni

Jana mchana ilikuja sauti kwenye kundi la wafanyabiashara: mtoto wa kike, miaka minne, amepotea mnadani Ipinda. Hakuna aliyetaja zawadi. Hamza alinigongea ukutani, nami nikamwambia mteja aliyekuwa chini ya mashine, naye akampigia dada yake anayenunua kokoa Ipinda, dada akainua macho, na mtoto alikuwa pale pale ghalani kwake, amelala juu ya magunia. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Leo, baada ya ibada, amekuja mwanamke kijana anaitwa Naomi, na yule mtoto mgongoni, na kapu la mchele mpya wa msimu huu. Ametokea Ipinda, anafuata njia ya habari kinyumenyume, nyumba kwa nyumba. Kwa yule dada aliacha nusu kapu. Kwa mteja wangu bakuli mbili. Kwangu akapima bakuli moja, akasawazisha kwa kiganja.

"Ni kidogo," akasema.

"Ni fungu langu," nikamwambia, na nilishangaa jinsi nilivyojivuna kulipokea.

Akauliza mlango wa Hamza, akaingia na kapu.

Mchele nimeupika jioni hii. Harufu yake imejaa nyumba hadi barabarani. Mama amekula sahani mbili, na sasa ameanza kuimba.